Fundi Masikio wa Kibaigwa

Dereva wa lori la mbao aliniambia Mafinga kwamba kesho yake mchana tungekuwa Dodoma. Tulilala Iringa kwa sababu ya taa za mbele, tukalala Mtera kwa sababu ya springi, na katikati ya hapo tulisimama kila alipoona mtu anayemfahamu, naye alifahamiana na barabara nzima. Alikuwa mtu wa maneno. Tangu Ifunda alinisimulia maisha yake, wake zake, kesi yake ya shamba, na mimi nilitikisa kichwa kila nilipoona midomo yake imetua. Yeye alikaa kulia kwangu, na sikio langu la kulia lilikuwa limekufa. Tulipofika Migoli alinipiga bega.

"Kaka, mara ya nne hii nakuuliza. Una watoto?"

"Samahani. Upande huo sisikii."

"Tangu Mafinga?"

"Tangu Tunduma."

Akacheka mpaka lori likayumba. "Kwa hiyo haya yote nimezisimulia mbao?"

Tunduma niliamka asubuhi moja nikahisi kama mtu amenisokomezea pamba sikioni wakati nimelala. Halikuuma. Ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, basi. Wenzangu mpakani wakasema ni nta, tia mafuta ya kupikia, yatailainisha. Nikatia. Nikasubiri. Nilikwenda hospitali mwezi ulipokuwa umekwisha, na daktari aliniuliza swali moja tu, lilianza lini. Nilipomjibu aliweka kalamu mezani. Aliniambia kwa upole kwamba ningekuja siku zile za mwanzo kulikuwa na dawa ya kujaribu. Birika lile linachemka mpaka leo.

Mimi ni mtu wa kuhama. Miji niliyoishi nimeichukia nikiwa ndani na kuitamani nikiwa nje. Naikumbuka Mpanda kwa asali yake, naikumbuka Tabora ya shule kwa miembe na viboko. Kibaigwa ndiyo peke yake nisiyoitamani, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Nilifika wakati wa mavuno, juu ya lori tupu lililotoka Dodoma kwenda kupakia mahindi, na siku ya pili nikapata kazi ya kusimamia mizani kwa dalali mmoja mnene aliyependa kuitwa tajiri. Soko la mahindi la pale lilikuwa linakula vumbi na kutema vumbi. Pumba za mashine ya kupukuchulia zilikaa kwenye kope, kwenye meno, kwenye chai. Makuli walipenga kamasi kwa vidole, wakajipangusa kwenye gunia ambalo mtu wa Dar angelipokea akashukuru kwa mahindi safi. Dawa ya unga tuliyochanganya na mahindi ili yasibunguliwe ilikorogwa kwa mikono mitupu, na mikono ile ile, baada ya kukung'utwa mara mbili kwenye suruali, ilimega ugali. Mwanzoni nilinawa kabla ya kula wakanicheka. "Bwana harusi huyo," walisema.

Nilipanga chumba kwa dada mmoja aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa chekeche, wale wanaochekecha mahindi na kutoa mawe na mabunzi kabla hayajapimwa. Alinizidi miaka michache. Yeye naye alikuwa na sikio moja. La kulia lilioza tangu utotoni, likitoa usaha kila msimu wa vumbi, na kwao walilitibu kwa mafuta ya kondoo mpaka likaacha kusikia. La kushoto ndilo lililobaki, na lilikuwa kali. Aliweza kusimama kando ya chekeche na kujua kwa mlio wa punje kama mzigo ni mkavu au bado una maji. Madalali walimwita asikilize kabla ya kununua. Sikio lile ndilo lililomlisha na kumjengea vyumba vyake vinne vya matofali ya kuchoma.

Tulikuwa kichekesho tukitembea pamoja kwenda sokoni. Sote tulikosa la kulia, kwa hiyo tukienda sambamba, lazima mmoja azungumze na ukuta. Tukiwa na jambo la maana tulisimama, tukatazamana.

"Mungu alinipa wewe mpangaji ili anicheke," aliniambia.

Nyuma ya mashine ya kupukuchulia aliketi fundi masikio. Nitaeleza jinsi alivyofanya kazi. Alikuwa na kipande cha mpira wa dripu, urefu wa kiganja, umegeuka rangi ya chai. Alikuwa na kikombe cha bati chenye maji, maji ya asubuhi yaliyotumika mpaka jioni. Mteja akija na sikio linalowasha au lililoziba, fundi alichovya mpira kwenye kikombe, akaupenyeza sikioni, akaweka mdomo upande wa pili na kunyonya, mashavu yakiingia ndani na macho yakimtoka. Kisha alitema kwenye kiganja. Ndani ya mate yale, katikati ya nta na mabaki ya ugoro wake, kulikuwa na mdudu mmoja mweusi wa mahindi. Watu walisogea kutazama.

"Dume au jike?" waliuliza.

Akiwa dume, kazi imekwisha, mteja aende nyumbani. Akiwa jike, ameacha mayai ndani. Kwa jike, fundi alichukua chembe ya ile dawa yetu ya unga, akaijaza kwenye mpira, akaipuliza ndani ya sikio. Mteja asubiri siku saba, asiguse dawa ya hospitali, kwa sababu dawa mbili zingegombana.

Wageni hushangaa nikiwaeleza kwamba watu wazima waliamini hivyo. Wangeishi pale wasingeshangaa. Kwenye soko lile kila kilichoharibika kiliharibiwa na mdudu. Gunia likipungua uzito ni mdudu, punje ikiwa na tundu ni mdudu, mteja akirudisha mzigo ni mdudu. Mtu anayelala juu ya magunia usiku kucha, sikio likimzima, atadhani nini kingine? Na kweli wapo walioingiwa na mdudu hai, tuliwasikia wakipiga mayowe na kurukaruka, kwa sababu mdudu hai sikioni hakai kimya. Ila sikio linalozima kimya kimya, bila maumivu, hilo nililijua mimi.

Asubuhi ya mkasa wenyewe nilimkuta dada uani, ameinama kwenye ndoo, ananawa uso. Nikamsalimia. Hakujibu. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Alinitazama, maji yanamchuruzika, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto ng'ambo ya korongo:

"MBONA LEO MAGARI HAYAPITI?"

Nyumba ile ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu. Wakati anauliza, malori mawili yalikuwa yanapandisha, dirisha linatetemeka kwenye fremu yake. Nadhani aliusoma uso wangu. Alipiga kofi kando ya sikio lake. Akapiga tena. Akagonga ndoo kwa kikombe, akaitazama ndoo kama imemtukana. Alipojaribu kusimama alipepesuka akashika ukuta.

Nilimwonyesha barabara, nikamwonyesha upande wa Dodoma, nikasema hospitali, hospitali, nikiichonga midomo. Alitikisa mkono. Alijifunga kanga, akaenda sokoni akipapasa kuta kama mlevi, nami nyuma yake.

Huko kikaanza kituko. Wanawake wa chekeche walimzunguka wakapiga kelele kwenye masikio yote mawili, la kuoza na la kuzima, kana kwamba tatizo ni sauti zao kuwa ndogo. Yeye naye, kwa kuwa hakuisikia sauti yake, alinguruma. Mambo ambayo siku zote aliyanong'ona aliyatangazia soko zima. Tajiri alikuja kuuliza kulikoni, akasimama karibu naye, na dada akawaambia wenzake kwa sauti iliyozidi mashine:

"MWAMBIENI ASOGEE, KWAPA ZAKE ZITANIMALIZA NA PUA!"

Makuli walidondosha magunia kwa kucheka. Hata yeye alipoona wanacheka alicheka, hajui alichosema, na machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Nilichukua kalamu ya wino mnene tunayoandikia alama za wenye mzigo, nikaandika kwenye gunia tupu: HOSPITALI LEO.

Alisoma kwa sauti ile ile. "YA NINI? SIUMWI! HALIUMI HATA KIDOGO!"

Kutokuuma kwenyewe ndiko kulikoniogopesha, na sikuwa na njia ya kuliandika hilo kwenye gunia. Nikawa bado nimeshika kalamu, wanawake wakambeba kwenda nyuma ya mashine.

Fundi alimkalisha, akatikisa kichwa kama bingwa. Akasema aanze na lile la kulia, ili alinganishe. Akachovya mpira, akaupenyeza kwenye sikio linalotoa usaha, akanyonya. Nilimwona akitema kitu cha kijani kando ya kigoda na kujipangusa kwa nyuma ya mkono. Kisha, bila hata kuukung'uta, bila hata yale maji yake machafu, akauingiza mpira ule ule kwenye sikio la kushoto.

Akanyonya. Akatema. Mdudu akatokea.

"Jike!" watu walisema kabla yeye hajasema.

Nilisogea nikamtazama yule mdudu. Sisi wa mizani tunawaona kila siku, hai na wafu. Huyu, hata ndani ya mate yale, alikuwa mkavu kama kibiriti, miguu imekunjwa, amekufa tangu msimu uliopita. Aliyekufa msimu uliopita hawezi kuwa amezima sikio la mtu jana usiku. Nikalisema hilo kwa sauti.

"Wee kiziwi wa Tunduma," fundi alinijibu, "lako ulilitibu wapi?"

Wakaangua kicheko. Naye tayari alikuwa anakishindilia kile kipande cha mpira kwa unga wa dawa. Alipoinama kupuliza nilimkamata kifundo cha mkono. Tukavutana, unga ukamwagika kwenye kanga ya dada, mtu akanishika shati kwa nyuma. Tajiri alifika akihema.

"Wewe nimekuajiri upime mahindi au upime watu? Rudi kwenye mizani!"

"Nikirudi utanisaidia kumpakia kwenye gari?"

"Asubiri kwanza hizo siku saba. Hospitali haihami."

Dada alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, midomo yetu ikicheza, hajui tunagombania nini, na hofu sasa imemwingia kweli. Nikalifuata lile gunia, nikaandika chini ya maneno ya kwanza: MIMI NILISUBIRI. Nikaligeuza kwake, nikaonyesha sikio langu.

Alilisoma. Akainuka, akakung'uta unga kwenye kanga, akanishika mkono wa shati.

"TWENDE," alisema. "WASINICHEKE HAWA."

Tulipata basi lililokuwa linatoka Morogoro. Njiani alitapika kwenye mfuko kwa kizunguzungu, nami nikaushika ule mfuko mpaka Dodoma, na nashangaa kwamba hilo halikunichefua hata kidogo.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye uso wa uchovu. Aliuliza lile swali nililolitarajia, lilianza lini.

"Leo alipoamka."

"Leo hii hii?" Akainua macho. "Wengi wanaletwa hapa baada ya mwezi, baba. Wametia vitunguu, wametia mafuta, wametia kila kilichopo jikoni."

Alimulika ndani ya sikio la kushoto. Hapakuwa na nta ya kuliziba, wala mdudu, wala yai. Akagonga chuma chenye mikono miwili kinachovuma, akamwekea kwenye paji la uso na kando ya sikio, akamtaka aonyeshe kwa mkono kama anasikia. Akampeleka kwenye kipimo, akampima na presha na sukari, kwa kuwa dawa yenyewe haichezewi. Wakati tunasubiri alinieleza, nami nilimtegea sikio langu zima. Nta nayo yaweza kumziba mtu ghafla, alisema, ila huwezi kujua bila mtu kuangalia ndani. Sikio likizima kwa saa chache au siku mbili tatu, liwe moja au yote, hata kama haliumi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, na zaidi likija na kengele kichwani au kizunguzungu. Dawa ikianza mapema ina nafasi. Ikichelewa, nafasi inafungwa.

"Na hili la kulia," akaongeza, "usaha wa miaka yote hii mmeuzoea tu? Siku likivimba nyuma yake, au akapata homa kali, au mdomo ukaenda upande, msimpeleke kwa mtu mwingine yeyote. Mleteni mbio."

"Litarudi hili la kushoto?"

"Siwezi kukuahidi. Wengine hurudi, wengine nusu, wengine hawarudi. Ila hakupoteza siku."

Akampa vidonge vya kupunguza uvimbe wa ndani, avinywe baada ya kula, na kumtaka asiende mbali. Dada alikuwa na ndugu Mkonze, kando ya mji. Nilimpeleka huko nikabaki nikilala sebuleni kwao, nikiandika kwenye karatasi chochote alichotaka kujua, naye akinijibu kwa ngurumo mpaka majirani wakadhani tunagombana. Kwa siku kadhaa hakuna kilichobadilika. Alikaa uani akishika sikio lake kama mtu anayeshikilia jino. Aliniuliza mara moja, polepole kuliko kawaida yake, kama kazi ya chekeche ingewezekana kwa macho tu. Niliandika: NDIYO. Alisoma, akanitazama, akaikunja karatasi. Alijua nadanganya.

Kisha asubuhi moja, shemeji yake akifagia uani nyuma yake, dada akageuka.

"Nani anafagia?"

Hakunguruma. Alisema kama watu wanavyosema. Shemeji yake alitupa ufagio akamkumbatia.

Halikurudi lote. Sauti nyembamba zilimpotea, na mlio wa birika ulibaki naye kidogo kama ulivyobaki nami. Lakini alisikia magari, alisikia watu, na tuliporudi Kibaigwa alisimama kando ya chekeche, akafumba macho, akasema mzigo ule bado una maji. Kipimo cha unyevu kikamkubalia. Siku ile nililipenda lile soko.

Kesho yake nikalichukia tena. Nyuma ya mashine watu walikuwa wengi kuliko mwanzo. Fundi alikuwa anawaeleza kwamba alimtoa jike kwa mdomo wake, na vidonge vya Dodoma vimekuja kumalizia mayai tu. Walimwamini. Kwa nini wasimwamini? Dada si huyu hapa anasikia? Na jioni, nikiingia uani, nilimkuta dada anafunga miguu ya kuku.

"Wa nani huyo?"

"Wa fundi."

Tulisimama, tukatazamana.

"Dada, yule alichukua usaha wa huku akautia huku."

"Najua. Nilikuwepo, kichwa kilikuwa changu."

"Angekupulizia sumu."

"Kaka, usininunie. Wale wanawake ndio walionibeba. Nikisema fundi ni mwongo nimewaambia wao ni wajinga, na kesho nani atachekecha na mimi? Wewe una begi moja. Mimi nina vyumba vinne." Akakaza kamba. "Unga nimemkatalia. Nimemwambia akipuliza tena naleta afisa afya. Kunyonya anyonye. Akishamaliza kunyonya, wakipita hapa kwangu, nawaambia sikio lililozima ghafla lipande gari siku hiyo hiyo. Nimeshampeleka mmoja."

"Na mpira ule?"

Kuku alikuwa anapiga mabawa, dada akamtuliza kwa goti.

Nilijaribu kubaki. Kila nilipopita nyuma ya mashine niliuona ule mpira ukitoka kwenye sikio la mtu ukiingia la mwingine, na watu wakishangilia, na mwanamke niliyemheshimu kuliko wote akimwamkia fundi kwa adabu. Ugali ukanishinda. Tajiri alipoona nakonda alisema nami nimeingiwa na mdudu, niende nikanyonywe.

Siku niliyoondoka dada alinisindikiza mpaka barabarani. Alinifungia karanga kwenye kitambaa, akasema nikifika huko niendako nisikae karibu na mashine, lile moja lililobaki nilitunze. Nikapanda basi la kwenda Dodoma, niunganishe la Singida. Kwenye kiti cha mbele yangu walikaa mke na mume, wauza vitunguu. Mume alikuwa ameinamisha kichwa upande, ana uso ule nilioujua.

"Ameamka leo hasikii," mke aliwaambia abiria. "Fundi amemtoa, lakini yule dada wa chekeche ametufukuza tuende hospitali leo leo, siyo kesho. Hata vitunguu tumeviacha chini."

"Amemtoa nini?" mtu aliuliza.

Akakunjua kipande cha gazeti. Kikapita mkono kwa mkono, watu wakimsogeza mdudu kwa kidole, wakiguna, wakibishana dume au jike, mpaka kikafika kwangu. Gazeti lilikuwa bado na unyevu wa mate. Dirisha lilikuwa wazi, na mkono wangu ulikwisha kuinuka.

"Baba, usimtupe!" mke alipiga kelele. "Daktari atataka kumwona!"

Nilimrudishia. Alikifunga kipande kile vizuri, akakitia kwenye sidiria, na basi likaondoka.